Mninga wa Hondohondo

Mke wa seremala alifariki alfajiri, maziko yakapangwa saa kumi jioni. Seremala hakulia. Aliingia karakana akapekua mbao. Zote laini, za kutengenezea masanduku ya nyanya. Miaka arobaini amewachongea watu majeneza ya mbao ngumu. Leo wa kwake alazwe kwenye kitu ambacho mchwa wangekimaliza kabla mvua hazijaanza? Roho ilimkataa.

Akachukua msumeno, akashika njia ya msitu mtakatifu.

Msitu ule haukuguswa. Mababu walizikwa humo, na chemchemi iliyonywesha mji mzima ilitoka chini ya mizizi yake. Ndege na nyani waliofukuzwa kwingine walihamia humo. Chuma hakikuingia, hata sindano. Mlinzi alikuwa mdogo wa marehemu, na macho yalikuwa yamemvimba.

"Shemeji, na msumeno?" Alijaribu utani wao wa siku zote. "Umekuja kunyoa nyani ndevu?"

"Nataka mninga mmoja. Ule mzee, wenye tundu. Ni wa dada yako."

Mlinzi aliunyooshea msumeno kidole.

"Acha msumeno hapa, vua viatu. Twende ukauangalie kwanza. Ukirudi bado unautaka, mimi nitatazama kwingine."

Wakaenda pekupeku mpaka chini ya mninga. Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo, umebaki upenyo mwembamba kama kidole. Hondohondo dume akatua na tunda mdomoni. Ndani ikachomoza ncha ya mdomo mwingine, ikalipokea. Dume akaruka, akarudi na jingine.

"Jike yumo na makinda," mlinzi alinong'ona. "Kajifungia mwenyewe. Huyu asipokuja, wamekwisha."

Miezi mitatu seremala alikuwa amemlisha mkewe uji kwa kijiko, mdomo ukifunguka kidogo tu. Alimtazama yule ndege akienda na kurudi mara nne.

"Basi," akasema.

Aliporudi karakana aliipindua meza yake ya kazi, ya mninga mtupu, aliyoachiwa na baba yake. Akaanza kung'oa miguu. Shemeji yake, aliyemfuata, akashika upande wa pili.

"Meza hii? Sasa utachongea wapi, shemeji?"

"Chini."

Saa tisa jeneza lilikuwa tayari. Kwenye kifuniko makovu ya zamani ya patasi yalionekana. Hakuyapiga randa.