Mpishi Aliyeazima Kibuyu

Mpishi wa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, hakuwahi kusema neno bila kucheka, wala kucheka bila kujifuta vile vidole vyake vinene kwenye aproni. Ndivyo alivyokuja kwa bibi Gababo kuazima kibuyu cha maziwa, kile alichoachiwa na mamake, anachokifukiza moshi kila asubuhi kama mamake alivyofanya. Na ndivyo alivyokirudisha.

“Mama, nimetengeneza divai ya tende, mara yangu ya kwanza! Tamu kushinda ya Bwana! Usijali, nimekiosha kwa sabuni.”

Gababo akakinusa. Moshi wa mamake haupo tena. Ni pombe na sabuni tu.

“Umemtia mamangu pombe mdomoni,” akasema, “kisha ukamsugua kama sufuria?”

Akakipasulia jiweni, miguuni pa mpishi. Vidole vikaitafuta aproni. Kicheko hakikutoka.