Zamu Yangu ya Salongo

Juzi nilikuwa nachambua mboga ya lenga-lenga hapa Kisangani, katika chumba ninachokipanga kwa jasho langu mwenyewe. Redio ilikuwa inaongea peke yake, mara nikamsikia mwalimu wetu wa zamani. Ni yeye, hakika. Yuko uhamishoni siku hizi, na alikuwa anawasema wakubwa wa nchi bila kumung'unya maneno. Jirani yangu wa mlango wa pili akapaza sauti, "Huyu njo mwanaume!" Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilipunguza sauti ya redio, na moyo ukanirudisha kijijini Kalembe, kwa koko.

Koko ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Rafiki yangu, kama hujawahi kula maharagi mapya ya milima ya Masisi, yaliyopikwa na ndizi kwenye chungu mpaka mchuzi ukashikana, tumbo lako bado halijui raha. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mbuzi tuliwasikia kabla ya kuwaona. Tulishuka mtoni na bidoni za kuchotea maji, tukapanda shambani, halafu jante, chuma cha gurudumu la gari kilichoning'inia mbele ya shule, ikagongwa kama kengele, nami nikakimbia na matope yangu miguuni.

Nilipofika mwaka wa sita wa sekondari, raha hizo ziliniishia. Kulikuwa na egzetat, mtihani wa taifa, na niliuona kama mlango pekee wa kunifanya nijitegemee, nisiolewe haraka haraka kama wenzangu. Kichwa kiliniuma, chakula hakikushuka, nilimfokea kila mtu.

Na juu ya hayo kulikuwa na salongo. Zamani ilikuwa kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, kufagia kijiji na kufyeka njia. Wenye silaha waliokuwa wakitutawala wakati ule wakaigeuza: sasa tulibeba mawe kichwani kujaza mashimo ya barabara ya Walikale, ili magari yao yapite. Kila nyumba ilihesabiwa watu wake. Kwetu, koko alikuwa zamu ya asubuhi, mimi ya mchana.

Jumamosi moja mwalimu wetu wa historia, ndiye huyo wa redioni, alisimama mbele ya watu wote, akamwambia mkubwa wao, "Salongo batu banaifanya kwa mapenzi yabo. Hii ya bunduki haiko salongo, iko utumwa. Miye sibebi jiwe." Hawakumgusa siku ile, sijui kwa nini. Baadaye kidogo akatoroka kwa njia ya msituni, na mimi nikabaki nimemhusudu kupita kiasi, hata nikaanza kutembea kama yeye, mikono nyuma.

Wiki iliyofuata nikamtangazia koko kwamba na mimi sibebi jiwe. Alikuwa anapuliza moto. Alinitazama, akapangusa macho yaliyojaa moshi.

"Bakia usome, mutoto wangu. Zamu yako ya mchana nitaifanya miye."

Nikabaki na vitabu vyangu, nikijiona mpinzani mkubwa. Jiwe nililolikataa lilihamia kichwani kwa koko, na nililijua hilo. Jioni alirudi, akaloweka mikono katika maji ya chumvi, nami nikamsimulia ushujaa wa mwalimu wakati yeye anauma midomo. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Hata mtihani ulipokwisha sikurudi barabarani, maana nilikuwa nimeshauzoea uhuru wangu.

Nilifaulu. Majibu yalipotoka walinimwagia poda nyeupe kichwani na shingoni, kama tunavyowafanyia wote wanaofaulu, na kijiji kizima kikanifuata kikiimba. Mama mmoja akanishika mkono. "Sema tusikie! Nani njo amekufikisha hapa?"

"Mwalimu wetu!" nikajibu kwa sauti kubwa. "Yule aliyekataa!"

Watu wakapiga makofi. Koko alikuwa amesimama karibu yangu kabisa. Naye alipiga, kwa migongo ya mikono, kwa sababu viganja vilikuwa na vidonda. Niliona vizuri, nikaendelea kucheka na wengine.

Kalembe ile haipo tena. Shule imeng'olewa mabati, na niliosoma nao wametawanyika, wengine wako kambi za wakimbizi, wengine wanachimba mawe ya dhahabu kule Omate. Koko alifia njiani wakati watu wanakimbia vita, na aliyenipigia simu hakuweza kunieleza walipomzika. Ningelijua kaburi lake ningeenda kulipalilia, nikae hapo niseme. Mara ngapi alinipigia simu akiwa hai, nami nikamuuliza habari za mvua na mbuzi tu! Kwake aibu inaniuma mpaka leo, na ile asante niliyopaswa kumpa bado ninayo mimi.