Siku Koko Alipomfundisha Baba Kuvua Sangala

Ukitaka kunirudisha Rumonge, kwetu Burundi, huna haja ya kunilipia nauli. Nipeleke tu sokoni kwa muuza sabuni. Ile sabuni yetu ya mawese, ya kahawia, inayokuja ndefu kama tofali, haikatwi kwa kisu. Muuzaji huizungushia uzi wa nailoni, akavuta ncha zote mbili, na uzi ukazama ndani ukiimba. Ni mlio mdogo, wapita njia hawausikii. Mimi huusikia viganjani kwanza, kisha nanusa matope ya mtoni na matete yaliyolowa, na hapo namwona Koko ameketi mchangani, ameligeuzia ziwa mgongo.

Koko ni bibi yangu, mama mzazi wa mama. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Fizi, kule Kongo, ambako milima yake tuliiona kila asubuhi isiyo na ukungu. Alivuka ziwa akiwa msichana, akaolewa kwetu. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimfundisha yeye kuvua sangala kwa kamba ya mkono, na watu wa Rumonge walikuwa wakisema kwamba yule mama wa Kikongo akitupa kamba, hata samaki aliyeshiba hurudi mezani. Mimi sikuwahi kumwona akivua. Nilipopata akili, bega lake la kulia lilikuwa limeshakufa ganzi, na mkono ule alikuwa akiutumia kwa kushikia kikombe tu.

Mwaka ninaowasimulia ulikuwa wa vita, na mimi nilikuwa nang'oka meno ya mbele. Baba alikuwa mvuvi wa usiku, mvuvi wa taa: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, karabai zinaning'inia juu ya maji, ndagala, wale dagaa wetu, wanapanda kufuata mwanga, na wanaume wanavuta wavu kwa pamoja. Lakini wanajeshi walisema taa zile zinawaonyesha njia watu wa msituni. Ziwa likafungwa usiku. Mitumbwi ikavutwa mchangani na kufungwa minyororo karibu na pozisyo yao, kituo chao cha ulinzi. Kilichoruhusiwa kilikuwa kimoja: mtu asimame ufukweni asubuhi na kamba yake, mpaka filimbi ya askari ilie, hapo kila mtu arudi nyumbani.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama alijifungua mtoto wa kiume. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumelala ndani ya michikichi, mimi, yeye na tumbo lake, kwa sababu risasi zilikuwa zinashuka kutoka mlimani. Mtoto alizaliwa mzima, ana nywele nyingi, ana hasira. Ila maziwa hayakuja. Wanawake wa jirani walimkanda mama kwa maji ya moto, wakamnywesha uji wa mtama mpaka akasema anajisikia kama pipa. Hakuna kitu. Barabara ya Bujumbura ilikuwa inaviziwa, na maziwa ya kopo yalikuwa yamekwisha dukani kabla hata ya mtoto kuzaliwa. Tulimpa maji ya sukari kwa kijiko. Sauti yake, iliyoanza kama ya mwanambuzi, ikawa kama ya bawaba ya mlango, na kila asubuhi mlango ule ulikuwa unafunguliwa polepole zaidi.

Koko alikuja na kikapu chake kumlea binti yake, akamkagua, kisha akatoa hukumu. "Maziwa iko. Iliogopa tu, ikakimbilia ndani. Hata ng'ombe akisikia bunduki anafunga. Mutafute kichwa ya sangala. Mchuzi yake inaita maziwa, na maziwa inasikia."

Kichwa cha sangala. Ungesema kichwa cha simba. Sangala mkubwa hukaa kilindini, na bila mtumbwi humpati. Ni pale tu mvua za kwanza zinaposhusha maji mekundu ya mto Dama ndipo visamaki hujaa kwenye matete kula kilicholetwa na mto, na sangala hupanda kuwafuata, karibu kabisa na nchi kavu. Huja kwa siku chache, kisha hurudi kwao.

Kwa hiyo sangala walikuwapo. Baba alikuwa na nguvu bila ujuzi, Koko alikuwa na ujuzi bila bega. Mngedhani jambo ni jepesi. Lakini Koko alikuwa mkwe wa baba.

Sijui kwenu mkoje. Kwetu, siku zile, mwanamume na mama wa mke wake hawakutazamana. Hawakugusana, hawakupeana kitu mkono kwa mkono, hawakutajana majina. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kitenge, na Koko alipoingia upande wa mama, baba alitokea nyuma. Wakikutana njiani, mmoja alikata kona ndani ya migomba kana kwamba amesahau kitu humo. Na kwa kuwa nyumba haiwezi kuendeshwa kwa ukimya, walizungumza kupitia mimi, au nisipokuwapo, kupitia kuku. "Wewe kuku," nilimsikia Koko akisema siku moja, na baba yuko nje anapasua kuni, "mwambie mwenye nyumba mvua inakuja, na kuni iko nje." Kuku hakujibu. Kuni ziliingia ndani.

Basi asubuhi ile tulikwenda mlango wa mto watu watatu, kwa msafara wa ajabu: baba mbele kabisa, Koko nyuma kabisa, na mimi katikati nimebeba kibao kilichozungushiwa nailoni ya Koko, nikikimbia huku na kule na maneno mdomoni.

Baba aliingia maji ya magoti pembeni ya matete. Koko aliketi mchangani, akajifunika kitenge kichwani, akageukia michikichi. Mgongo wake ukatazamana na mgongo wa baba. Mimi nilisimama kati yao na kile kibao, nikiwa macho ya mmoja na masikio ya mwingine, ingawa walikuwa karibu kiasi kwamba kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake.

"Mwambie papa yako achome ndoana nyuma ya mgongo wa kisamaki, asiue. Kisamaki akikufa, sangala anajua."

"Baba, Koko anasema usikiue."

"Nimesikia. Mwambie nimesikia."

"Koko, anasema amesikia."

"Mimi siko kiziwi," alisema Koko, akiiambia michikichi.

Askari mmoja wa pozisyo, kijana mwenye shingo nyembamba, alisogea akatutazama, bunduki ikining'inia kama jembe. "Muzee," akamwambia baba, "unavua ama unaposa?" Baba hakucheka. Mimi nilicheka, pengo langu likaonekana, na askari naye akacheka, akaketi juu ya mtumbwi uliofungwa mnyororo.

Kamba ilijivuta. Niliona nailoni ikichana maji, na kabla sijatamka neno, baba alishaivuta kwa mikono yote miwili, mkono juu ya mkono, haraka, kama alivyovuta wavu maisha yake yote. Wavu ukichelewa kuuvuta, ndagala wanamwagika, na mwili wake haukujua sheria nyingine. Kamba ilikuja nyepesi. Kwenye ndoana palikuwa na nusu ya kisamaki.

"Amevuta?" aliuliza Koko.

"Amevuta."

Koko alikung'uta mchanga kwenye kitenge chake. "Mwambie papa yako, sangala si umati wa watu, ni bwana mmoja. Anakuja, anakamata chakula, anatembea nayo kwanza. Anataka kula peke yake. Umwache atembee. Akisimama, hapo anameza. Akianza kutembea mara ya pili, hapo sasa ndiyo unamwambia uko naye."

Nilirudia yote, neno kwa neno, nikijiona mkubwa. Baba alinisikiliza kwa adabu kamili, macho yake yakiwa majini, kama mtu anayesikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Alitega tena. Jua lilipanda, maji mekundu yakapita miguuni pake yakibeba vijiti na maua ya gugu-maji. Nilimwona akifumba na kufumbua vidole, akivifundisha kutokuvuta. Ndugu zangu, nimewaona watu wengi tangu siku ile wakifanya mambo magumu. Sijaona gumu kama mikono ya mvuvi wa wavu inayojizuia, huku mtoto wake akiwa nyumbani amechoka hata kulia.

"Inatembea, Koko."

"Inatembea namna gani? Kama mbuzi ama kama mlevi?"

"Kama... kama bwana. Haina haraka."

"Mwambie asipumue."

Nailoni iliteleza kutoka kwenye vidole vya baba, ikatoka kwenye kibao changu mzunguko baada ya mzunguko. Ikasimama. Jasho lilikuwa linamtoka baba kwenye kidevu. Kisha ikaanza tena, na safari hii baba aliivuta mara moja tu, kwa nguvu, na ziwa zima likamjibu.

Hapo filimbi ililia. Askari mwenye shingo nyembamba aliinuka, akatazama pozisyo, akatazama maji, akaketi tena.

Samaki alielekea kilindini. Nailoni ikaanza kuimba, na nikaona mstari mwekundu ukijichora kwenye kiganja cha baba. Alipiga hatua kuifuata, akapiga nyingine, mchanga ukamkatikia chini ya miguu, akazama mpaka kifuani. Kibao kikanichomoka mikononi kama ndege.

"Koko, kibao kimeniponyoka."

Alikuwa ameshainuka. Kile kibao kiliruka mchangani kuelekea maji, na Koko akaiangukia kamba kwa mikono yote miwili, hata ule wa bega lililokufa, akajifunga nayo kiunoni juu ya kitenge na kuchimba visigino. Kamba moja sasa ilikuwa na watu wawili: mkono wa baba ndani ya maji, na nyuma yake, hatua mbili au tatu tu, mkono wa mama mkwe wake. Baba alikuwa amevua shati. Koko alikuwa hana kitu kichwani, mvi zake zote ziko juani. Na alikuwa amefumba macho.

"Mupe," alisema. Hakuniambia mimi. "Mupe, anataka kamba, mupe. Sasa amechoka, vuta. Usishindane naye. Mupe tena."

"Ndiyo, mama," alisema baba. Hakugeuka. "Ndiyo, mama."

Walikwenda hivyo, wakitoa na kuvuta, wakitoa na kuvuta, mmoja haoni na mwingine hageuki, mpaka nikashindwa kujua ni nani anayeongoza. Sangala alipofika kwenye maji mafupi, alilala ubavu, mng'avu kama sufuria mpya, mdomo wazi, jicho lake lina mwanga wa dhahabu. Askari ndiye aliyeingia na buti zake akamshika kwenye matamvua na kumburuta juu. Samaki alikuwa na urefu wangu. Nilijilaza kando yake nipime, na sioni haya kuwaambia.

Koko aliiachia kamba. Aliokota kitenge chake, akajifunika kichwa, akageukia michikichi, akapumua mara chache. Kisha akaniita kwa sauti yake ya kila siku.

"Furaha, mwambie papa yako amepata samaki."

"Baba, Koko anasema umepata samaki."

"Mwambie nimeona," alisema baba. "Mwambie asante sana, murakoze cane."

Askari alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaketi kumwaga maji ya buti zake.

Kile kichwa kilichemka mpaka mifupa ikaachana. Mama alikunywa mchuzi akitokwa na jasho, bakuli baada ya bakuli, Koko akimsimamia kama mwalimu. Mkia alipelekewa askari. Koko mwenyewe hakula hata kipande, na asubuhi iliyofuata nilimkuta kuku wetu, yule msikilizaji, amefungwa mguu karibu na kikapu chake. Kwetu, mwanamume aliyevunja heshima ya ukwe humlipa mkwe wake kuku. Koko alimpokea, nami nilinuna, kwa kuwa nilikuwa nampenda.

Nilipokuwa mtoto nilifikiri kwamba Koko alifumba macho kwa kuogopa samaki, nikamsikitikia. Heshima yao ya ukwe niliiona kuwa mchezo wa wakubwa, wa kuchekesha, wa kunichosha miguu. Ilinichukua miaka kuelewa. Ule ulikuwa mwaka ambao watu waliokunywa pombe chungu kimoja kwa mirija waliviziana njiani, mwaka ambao adabu ya maisha mazima ilivuliwa kwa usiku mmoja na haikuokotwa tena. Katikati ya mwaka huo watu wawili, katika chumba kimoja chenye pazia, walikuwa wanajinyima hata kutazamana, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake ni mtu. Walipolazimika kuivunja heshima hiyo, waliivunja kwa ajili ya mtoto, kwa muda wa samaki mmoja tu, na hata hapo Koko aliyafumba macho yake.

Maziwa yalikuja siku ya pili, mchana, mvua ikinyesha. Tulijua kwa sababu kilio kilikatika, na mahali pake pakaja sauti nyingine: mtoto anameza. Koko alikuwa upande wa mama, ameketi juu ya mkeka. Baba alikuwa upande huu, kiganja chake kimefungwa kitambaa. Nilisubiri mmoja wao anitume na neno. Hakuna aliyenituma. Niliwaza kwamba wamerudia kunyamaziana kwao, nikatoka nje kucheza mvuani. Leo, nikiwa nami nimeshanyonyesha, najua kwamba walikuwa wamekaa pande mbili za kitenge kimoja wakisikiliza kitu kimoja, na kwa mara ya pili hawakuhitaji mtu wa katikati.