Kitufe Kimoja cha Katekista

Tangu Jumapili napita njia za uchochoroni. Intaneti ndiyo kwanza imeingia hapa Korogwe, na mimi ndiye niliyeitengenezea parokia yetu tovuti ya matangazo. Anayeitumia ni katekista, Mzee Anselmi, ambaye huyachapa matangazo kutoka humo na kuyasoma kanisani.

“Mwanangu, vitufe vimezidi,” alilalamika. “Nipe kimoja tu.”

Nikaondoa cha kuhifadhi, nikaondoa cha kuhakiki. Kikabaki TANGAZA. Nikajiona bingwa. Ili kujaribu fomu ya ndoa, nikajaza majina yaliyonijia kwanza: langu, na la Paulina wa kwaya, binti kutoka kata ya Kwamndolwa ambaye sijawahi kumwambia zaidi ya “habari za leo”. Nikabonyeza. Kabla sijafuta, umeme ukakatika. Nikafunga ofisi, nikasahau.

Jumapili Mzee Anselmi akasimama na karatasi, uso umemchangamka. “Leo nimeyachapa mwenyewe, bila kusaidiwa!” Watu wakampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Alipofika kwenye ndoa, nikakumbuka. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Akasoma jina langu. Akasoma la Paulina. Mama yangu akapiga kigelegele. Baba yake Paulina akageuka taratibu, akinitafuta benchi baada ya benchi.

“Mwenye kujua kizuizi chochote,” akamalizia mzee, “amwone paroko ofisini.”

Kule kwenye kwaya, Paulina hakungoja ofisi. Alinyoosha mkono.