Gemu Nililolipeleleza

Mwezi uliopita niliteremka Masasi kumwona mdogo wangu. Nilikula ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, nikanywa chai, nikanyoosha mguu wa kushoto kwenye mkeka, kwa sababu wingu lilikuwa linajikusanya na mguu huu hujua mvua kabla ya redio. Hapo mwanawe akanijia na simu mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mama anasema hili gemu la zamani ulikuwa unalijua. Eti lilikuwa zuri au baya?"

Mtoto akikuuliza swali la namna hiyo huku mama yake anacheka jikoni, ujue umetegwa. Nikaichukua simu. Nikamwona yule mtu wa kwenye gemu na kamba yake begani, mdogo kama siafu, anapanda ukuta wa mawe uleule. Nilidhani amezeeka kama mimi. Hajazeeka.

Jibu langu ni refu, ndugu yangu, na huanza na maji. Sisi tulizaliwa Newala, juu uwandani, mahali ambapo ukichimba unakuta mchanga, na chini ya mchanga, mchanga. Mama alikuwa anaondoka alfajiri kuteremka bondeni na ndoo, na aliporudi jua lilikuwa limeshapanda. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa nyepesi; ya kurudi ndiyo iliyokuwa na mlima na ndoo kwa pamoja. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Moja nililishika kuliko yote: kitu kikija chenyewe mlangoni kwako, kiulize kwanza kimetumwa na nani.

Baba alitangulia, mama akafuata. Mimi nilikuwa darasa la sita na mdogo wangu hajaanza shule. Mjomba wetu alikuja kutoka Tandahimba, na kwetu mjomba akisema amesema. Alitaka atuchukue, mimi nikafanye kazi kwenye mikorosho yake, mtoto akakae kwa mke wake mdogo, nyumba nyingine kabisa. Nilimwambia hapana. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nikamwambia nitaacha shule, nitateremka Masasi nikauze maji kwa baiskeli ya baba, na mtoto atakaa na mimi, atasoma.

Mjomba alikubali kwa shingo upande. "Haya," akasema. "Lakini siku nikisikia huyu mtoto wa kike ameharibika, nakuja namchukua, na hutaniona nikikaa kunywa hata maji."

Kwa hiyo usinicheke ukisikia kwamba nilishuku kila kitu. Miaka ile ya soko huria vitu vilikuwa vinaingia Masasi bila kubisha hodi. Wanunuzi wa korosho tusiowajua kwa baba wala kwa mama. Mitumba yenye maandishi kifuani. Sabuni za rangi ambazo zamani hatukuziota. Bibi jirani yetu, Mmakua wa palepale chini ya milima ya mawe, alikuwa anasema siku hizi hata jogoo anawika kwa tangazo. Na siku moja mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam akajenga kibanda cha mabati karibu na stendi, akaweka televisheni, jenereta, benchi moja refu na pazia zito mlangoni. Pazia la nini, kama ndani hakuna ubaya?

Mdogo wangu alikuwa darasa la nne nilipogundua kwamba anaingia mle. Wateja wangu ndio walioniambia, tena kwa kumsifia. "Mdogo wako ana akili huyo! Amepitisha mlango wa ndege!" Sikujua mlango wa ndege ni kitu gani, lakini nilijua kwamba kucheza kulikuwa kwa kulipia, na yeye sijampa kitu. Nilimuuliza mwenye kibanda anamchezesha kwa malipo gani.

"Bure," akasema. "Wakubwa wakikwama, yeye anawakwamua. Nikimfukuza nitafukuza na benchi zima."

Bure! Neno hilo lilininyima raha wiki nzima.

Ndipo nilipoanza kupeleleza. Nilijifanya nampelekea mwenye kibanda maji, nikaegesha baiskeli, nikawa natazama kwenye upenyo wa pazia. Mwanzo dakika chache. Baadaye wateja wangu wakaanza kulalamika kwamba maji yanachelewa.

Nitasema ukweli wa lile gemu, kwa sababu nimelitazama kuliko wengi waliolicheza. Lilikuwa na uzuri wake. Mtu yule anatafuta hazina ya mfalme fulani katika mapango, na kila mlango umefungwa kwa fumbo, na fumbo lile halikuwa la kudanganya. Jibu lilikuwepo palepale kwenye picha. Ule mlango wa ndege ulikuwa na ndege watatu wa mawe, na vijana wakubwa waliwazungusha huku na huku hadi vidole vikauma. Mdogo wangu alitazama vivuli. Alisema, "Huyu mmoja kivuli chake kinaenda upande usio wake." Akamgeuza, mlango ukafunguka. Mtu wa kufikiri alipewa heshima mle ndani, awe mtoto, awe msichana. Shule zetu nyingi hazikufanya hivyo.

Na mle ndani ya gemu mlikuwa na maji. Maporomoko yanashuka ndani ya pango, mto wa buluu, mtu anajitupa anaogelea, anatoka. Mara ya kwanza nilipoona nilishika mpini wa baiskeli nikasahau kupumua.

Lakini maji yale hakuna aliyeyateka. Hapo ndipo shaka yangu iliposimama. Mtu yule hakupika, hakula, hakufua. Aliingia makaburini mwa watu akavunja vyungu vyao, hakupiga hodi, hakutia unga kidogo chini kuomba radhi. Alianguka akafa, picha ikawa nyeusi, akaamka mlangoni kama aliyelala mchana. Na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anamngoja nyumbani. Gemu zima, hakuna aliyeuliza, "Amechelewa, amekwenda wapi?" Nilijiuliza, mtoto akikaa na mtu wa namna hiyo kila siku, atajifunza nini?

Maneno ya mle yalikuwa ya Kizungu cha haraka. Mwenye kibanda alitafsiri. "Anasema hii mali ni ya babu yake." Siku nyingine: "Anasema ni ya adui yake." Nilimshuku hata yeye.

Tena kibanda hakikuwa na kile kikadi cha kuhifadhia mlipofika. Jenereta likizimika, kesho mnaanza upya kule kijijini gemu linapoanzia. Kwa hiyo Masasi nzima hakukuwa na mtu aliyewahi kuiona hazina.

Msimu ule korosho zilipokuwa zinaisha, alikuja mgeni mwenye ramani. Alikaa kwenye nyumba ya wageni, akawa anauliza habari za mali ya Mjerumani iliyofukiwa milimani, na anatafuta vijana wepesi wa kupanda mawe. Nilipomwona anasimama mlangoni pa kibanda, akicheka na wale wa kwenye benchi, nilijua mambo yameungana. Sikulala vizuri. Nilimkataza mdogo wangu kibanda na mlima pia. Alinijibu, "Sawa kaka," kwa ile sauti ya kunizidi umri.

Siku yenyewe ilikuwa ya wingu zito. Nilirudi nyumbani mchana nikakuta begi la shule kizingitini na mtoto hayupo. Nikaenda kibandani, hayupo. Mwenye kibanda akanyanyua macho kidogo.

"Amepita hapa mbio. Ana gunia na kamba. Ameelekea mlimani."

Gunia na kamba! Niliacha baiskeli palepale na madumu yake manne yamejaa. Njia nzima nilikuwa namwona mjomba akikataa kikombe cha maji.

Mlima wa nyuma ya mtaa wetu ni jiwe tupu. Upande mmoja umelala, watu hupanda kwa kuzunguka. Upande wa mtaani umesimama. Mimi sikuwa na muda wa kuzunguka. Nilitazama juu nikaona, kwenye mwamba mweusi, michirizi na kingo nyeupe zikipanda moja juu ya nyingine, na moyo wangu ukafurahi kama wa mtu aliyeonyeshwa ngazi. Ndugu yangu, wiki nyingi nyuma ya lile pazia nilikuwa nimejifunza jambo moja bila kujua kwamba ninajifunza: penye ukingo mweupe, yule mtu hushika. Penye weupe pana njia. Ndivyo waliotengeneza gemu walivyoweka, ili mchezaji asipotee. Na mimi nimetoka kwenye mchanga. Mwamba wa kwanza kuutazama kwa makini maishani mwangu ulikuwa ule wa kwenye televisheni.

Nilishika weupe wa kwanza, wa pili. Matone ya mvua yakaanza. Wa tatu uliteleza kama mlenda, na nikaja chini.

Sikuanguka mbali, lakini nilisikia mguu ukilia kama kuni. Na nitakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilifumba macho nikangoja. Nilingoja picha iwe nyeusi, niamke mlangoni.

Nilipofumbua, uso wa mdogo wangu ulikuwa juu yangu na gunia begani.

"Kaka! Umepita wapi?"

"Pale... penye nyeupe."

"Pale ndipo pimbi wanapokojoa! Kila mtoto wa Masasi anajua! Weupe wote ule ni mikojo ya pimbi!"

"Kwenye gemu..."

Akanitazama kwa huruma ambayo hata leo inaniuma kuliko mfupa. "Kaka," akasema, "ule ni mchezo."

Ndani ya gunia mlikuwa na makopa. Bibi jirani alikuwa ameanika mihogo yake juu ya mwamba kama wafanyavyo watu wa pale, wingu likatanda, miguu yake haifai tena, akamwomba mtoto akaikusanye kabla haijalowa. Kamba ilikuwa ya kufungia mdomo wa gunia. Alipita njia ya kuzunguka.

Alikimbia kuita watu, akarudi na wale wa kibandani, wote, na benchi lao. Walinilaza juu ya benchi lile lile nililolishuku, wakanibeba hadi hospitali, mvua inatupiga, mwenye kibanda ameshika upande wa kichwa. Na mimi, nimelala pale na mguu umepinda, nikawaza: wanambembeleza mtoto, wanamhitaji kwenye mafumbo yao.

Bibi jirani alikuja kuniona wodini na uji. "Nyie watu wa mchangani," akasema, "hata jiwe mnalisoma kwenye luninga." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka hadi muuguzi akawakemea.

Mjomba alifika siku ya nne. Habari zilikuwa zimemfikia hivi: gemu, mlima, mtoto wa kike, mtu amevunjika. Alikuja na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Lakini alimkuta mdogo wangu anasukuma baiskeli alfajiri, madumu mawili badala ya manne, anapeleka maji kwa wateja wangu, kisha anavaa sare anakwenda shule. Mjomba alikaa siku tatu akitazama. Siku ya kuondoka alikuja wodini, akasimama upande wa miguuni mwa kitanda.

"Nilikuja kuchukua mtoto aliyeharibika na gemu," akasema. "Nimekuta aliyeharibika ni wewe. Na wewe nikupeleke wapi?"

Kisha akaomba maji ya kunywa. Mdogo wangu alimpa kwenye kikombe changu, akayamaliza yote. Tukabaki pamoja. Mdogo wangu alisoma hadi mwisho wa uwezo wake, akaolewa hapohapo Masasi, na mimi nikarudi Newala na mguu wangu.

Leo mwamba wa makopa umeanza kupasuliwa kwa ajili ya kokoto. Pimbi sikuwaona. Bibi jirani amelala makaburini kule kanisani kwao, na mahali pa kibanda panauzwa vocha. Mgeni wa ramani hakupata kitu, au alipata akanyamaza. Nami sitaacha kumshuku.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, na mama yake alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko. Nilipofika kwenye habari ya benchi, mama mtu akanikatiza.

"Kaka, unajua siku ile walikuwa wamefika wapi?"

"Nani?"

"Wale. Walikuwa mlango wa mwisho. Walicheza tangu asubuhi, jenereta halikuzima hata mara moja. Walikuwa wananingoja mimi nishuke mlimani niwafungulie. Nilipoingia mbio wakapiga makofi, 'Huyo kaja!' Nikawaambia kaka ameanguka. Yule mwenye kibanda akaweka pedi ya kuchezea chini, akasema, 'Inueni benchi.' Tuliporudi kutoka hospitali mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Hawakufika tena pale."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuuliza," akasema. "Wewe unashuku tu, kaka. Huulizi."

Mama alisema kiulize kimetumwa na nani. Alisema kiulize.

Mtoto alikuwa ananivuta shati. Simu yake inahifadhi kila kitu, na yeye alikuwa mbele ya mlango ule ule, wa mwisho. "Mjomba, nifungue uone hazina?"

Nilimgeukia mdogo wangu. Nikamuuliza, yule mwenye kibanda yuko wapi siku hizi? Akasema yu hai, amerudi kwao Chiungutwa, ana mikorosho kidogo na macho yanamsumbua.

"Usifungue," nikamwambia mtoto. "Kesho tafuta bodaboda ya kutupeleka Chiungutwa. Chukua na hiyo simu."