Kunywa Maji Kwanza

Digrii yangu niliipata kwa masomo ya jioni, baada ya zamu ya ghala, nikiwa hoi kiasi kwamba siku moja niliupa ubao shikamoo. Kwa hiyo chuo kiliponiajiri niwasaidie wahadhiri wapya kufundisha, nilijiona bingwa wa dunia katika fani ya kusinzia.

Mmoja wao hakunipenda tangu salamu. Dada wa Kikenya, mtafiti wa uchumi, akiwa katika kipindi cha majaribio. Ili athibitishwe kazini, ilibidi atume makala yake ya utafiti kwa tarehe aliyopangiwa na idara, na mimi niridhike na ufundishaji wake.

Nikaenda kukaa darasani kwake, jioni, pale Longbridge, kusini mwa jiji letu huku kwa Waingereza. Slaidi zikatupita kama treni isiyosimama stesheni. Akiuliza swali, analijibu mwenyewe kabla mate hayajamkauka. Wanafunzi, waliotoka kazini moja kwa moja, wakamtazama kama watu walioachwa na basi.

"Sasa mzee, umeona?" aliniuliza kwenye korido.

"Nimeona mtu mmoja anasoma. Wewe."

"Paper yangu inaenda Ijumaa ijayo. Kila saa unayonisumbua ni saa umeniibia."

"Na hao ndani kawaibia nani, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Niko na PhD."

"Hongera, mwanangu daktari."

Tuligombana kwa Kiswahili ili wenzetu wasielewe. Nadhani hadi Kingstanding, upande wa pili wa jiji, walielewa.

Nikampa sharti: akiuliza swali, anywe maji, asiteremshe chupa mpaka mwanafunzi aseme neno. Wiki iliyofuata akauliza, akanywa huku amenikazia macho. Wanafunzi wakainamia madaftari. Akanywa tena. Nikaanza kuhofia tutamtoa kwa machela. Hatimaye mama mmoja wa mbele akasema, taratibu, kwamba wao walipotea tangu wiki ya pili. Vichwa vikaitikia darasa zima.

Mkono wa mhadhiri wetu ulikuwa juu ya kompyuta. Kurudi nyuma kulimaanisha kuandaa masomo upya, na siku za makala ndizo zingeliwa. Alinitupia jicho la kubandua rangi ukutani. Kisha akazima slaidi, akachukua kalamu ya ubao.

"Wiki ya pili. Nionyesheni mlipopotelea."

Ile Ijumaa nikamkuta kwenye ngazi.

"Umetuma?"

"Sijatuma. Wiki nzima nimeandaa hayo masomo yako. Umefurahi?"

"Hapana."

Na kweli sikufurahi. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba anafundisha vizuri, halafu nikapanda kwa mkuu wa idara kuomba aongezewe muda wa makala. Mkuu alikubali kwa uso wa mtu anayemeza kwinini.

Habari zikamfikia kabla sijamaliza chai. Akasimama mlangoni kwangu.

"Nani alikutuma uniombee?"

"Hakuna."

"Wiki ijayo usikuje darasani kwangu."

"Nitakuja."

Akashusha pumzi ya kuzimisha jiko la mkaa.

"Kuja basi. Lakini usiniongeleshe."