Mume wangu alisema redioni wote wako salama

Habari zenu ndugu. Admin, nifichie jina, huku Geita tunajuana. Nina miaka thelathini na tatu, ni fundi cherehani, nimeolewa na nina watoto wawili. Nawaandikia kwa sababu kila ninayemweleza ni ndugu yangu au ndugu wa mume wangu, na kila mmoja ana upande wake.

Mume wangu alikuwa mtangazaji wa redio. Watu walimpenda kwa sababu alisema mambo yakaeleweka hata kwa bibi aliyeko porini na ng'ombe. Baadaye kampuni moja ya uchimbaji ikamchukua awe msemaji wake. Tangu hapo maneno yake yakaanza kubadilika. Mtoto akiumwa, anasema tuna changamoto ya kiafya. Nilikuwa namcheka, naye anacheka.

Mdogo wangu, nimwite Masanja, alikuwa kwa mama upande wa Kharumwa, analima. Mume wangu ndiye aliyemtafutia kazi kwenye mgodi wa kampuni hiyo. Ila hakuajiriwa na kampuni yenyewe, aliajiriwa na kampuni nyingine ndogo inayowapelekea vibarua. Anashuka shimo lile lile, anavuta vumbi lile lile.

Masika haya mwamba ukaporomoka asubuhi. Mteja ndiye aliyeniambia. Nikampigia Masanja, hapatikani. Nikampigia mume wangu, hapokei. Mchana nikamsikia redioni: "Kumetokea changamoto ya kijiolojia katika eneo mojawapo la uzalishaji. Wafanyakazi wetu wote wako salama na shughuli zinaendelea kama kawaida."

Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Hapo hapo mama akapiga. "Ng'wanone, mwanangu, nimemsikia mkwe wangu. Wote wazima." Alikuwa ameshawaambia majirani, wakaja wakaimba na kumshukuru Mungu uani kwake.

Jioni mume wangu akarudi. Hakuvua viatu, akakaa mlangoni.

"Masanja yumo," akasema.

"Yumo wapi? Si umesema wote wako salama?"

"Nilisema wafanyakazi wetu. Masanja ni wa mtoa huduma."

Nilimwomba arudie, nikidhani sijasikia vizuri. Akarudia vile vile, akaongeza kwamba mwili wake umeshatolewa.

Nikampigia mama. Ndugu zangu, hakuniamini. Aliniambia, "Wewe umedanganywa na watu wa sokoni. Mwenye kazi yake amesema redioni, na ni mume wako." Nilibishana na mama yangu kuhusu kifo cha mwanawe mpaka sauti ikanikauka. Alikuja kuamini gari lilipoingia na jeneza.

Kwetu mama mkwe hasimami kumhoji mkwewe. Anamheshimu, anapita pembeni. Lakini baada ya mazishi mama alisimama mbele yake, wazee wakiwapo.

"Baba Neema, ulipokuwa unasema, ulijua kuna watu chini?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mama, taarifa ile ilizingatia wale walio chini ya ajira ya moja kwa moja."

Mama anajua Kiswahili vizuri tu. Lakini alinigeukia akaniuliza kwa Kisukuma, "Amesema nini?" Nilitafuta maneno ya Kisukuma nikayakosa, nikabaki nalia.

Tuliporudi Geita nilimuuliza mume wangu mwenyewe. Akasema maneno yale aliletewa na wakubwa, yeye alisoma tu. Akasema alijua kuna vibarua wamefukiwa, ila hakujua Masanja ni mmoja wao. Nadhani alitaka nipoe moyo. Nikamwambia, "Kwa hiyo angekuwa mtoto wa mama mwingine, ungekula chakula chako ukalala." Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na hata watoto wameona.

Sasa mama ametoa neno lake. Hataki fidia wala ng'ombe. Anataka mkwewe arudi kwenye redio ile ile, amtaje Masanja kwa jina lake, aseme alikuwa mfanyakazi wa mgodi ule na amefia kazini. Anasema majirani waliokuja kushangilia uani kwake walisikia redioni, basi na hili walisikie redioni. Asipofanya hivyo, asikanyage kwake.

Mume wangu anasema siku akisema hivyo hana kazi, na cherehani yangu haiwezi kulisha nyumba. Anasema, "Mimi sikudanganya, Mama Neema. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli." Ndicho kinachoniumiza zaidi. Angekuwa amenidanganya, ningejua namna ya kumsamehe.

Wiki ijayo tunamaliza matanga. Mama ameagiza niende na watoto, bila baba yao. Mume wangu anataka twende wote, anasema Masanja alikuwa mdogo wake pia, na najua alimpenda kweli. Nikimwacha nyumbani, naona ndoa yangu imefika mwisho. Nikienda naye, nitamtazama mama kwa macho gani?

Wenye kujua, na hasa mliowahi kufiwa machimboni, nishikeni mkono. Niende na nani?